Mtakapoletewa majina elfu mia moja: barua ya wazi kutoka Lubumbashi

Kwa Rais wa CENI, tume ya uchaguzi, na wenzake. Kwa Waheshimiwa wa Bunge na wa Seneti kule Kinshasa. Kwa Waheshimiwa wa Bunge la jimbo la Haut-Katanga. Kwa wakubwa wa CSAC, baraza linalosimamia redio na televisheni. Kwa Bwana Gavana.

Wakubwa wetu,

Ibara ya 218 ya Katiba inasema kwamba watu 100,000 wakiandika ombi na kulipeleka Bungeni au Seneti, wanaweza kuanzisha marekebisho ya Katiba. Rais ana haki hiyo, serikali inayo, nusu ya wabunge au ya maseneta wanayo, na sisi raia tusio na cheo tunayo pia. Tangu Oktoba 2024, Rais aliposema kule Kisangani kwamba itaundwa tume ya kutafakari Katiba mpya, habari hii imetoka mikononi mwa wanasheria. Inabishaniwa ndani ya teksi, matangani, na mbele ya meza za magazeti. Kama Katiba iguswe au isiguswe, hilo sitalizungumza hapa. Maoni yangu ninayo na mahali pake papo. Ninachouliza ni hiki: siku mtakapoletewa majina elfu mia moja, pamoja na barua elfu kumi za kuyaunga mkono, kila barua na maneno yake, mtajuaje kwamba nyuma ya makaratasi hayo kuna watu?

Mtaniambia kughushi hakukuanza leo. Kweli. Anayejua siasa za kwetu hahitaji kuelezwa kwamba orodha ndefu inaweza kujazwa usiku mmoja na watu watatu waliofungiwa chumbani. Lakini kazi ya namna hiyo ilikuwa inajifichua yenyewe. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nikisahihisha insha za darasa zima, walionakili nawatambua kwa kosa lile lile kwenye mstari ule ule, na barua za kughushi nazo zilikuwa hivyo: kalamu moja, sifa zile zile, koma imekosewa mahali pamoja. Hata karani mvivu angeliona.

Programu za akili bandia zinazoandika lugha, kama ile ya ChatGPT iliyofunguliwa kwa umma Novemba 2022, zimeondoa alama hiyo. Zimelishwa maandishi mengi kuliko yale ambayo mtu angeweza kuyasoma katika uhai wake wote, na kazi yake ya msingi ni kukisia neno gani lifuate, kisha lingine, mpaka sentensi itimie. Kama sentensi hiyo ni kweli au uongo, hilo si shughuli yake. Ukiiambia iandike kama mama wa Katuba mwenye watoto sita na bomba kavu, inaandika. Ukiiambia irudie kama kijana wa Ruashi asiye na kazi, kama mzee aliyestaafu kampuni ya migodi ya Gécamines, kama mchungaji wa Kampemba anayechanganya siasa na Zaburi, inaandika, na hakuna barua itakayofanana na nyingine. Hata makosa ya herufi itayaweka ukiyaagiza. Kwa Kifaransa, lugha ambayo barua nyingi zinawafikia nayo, haina shida yoyote. Kwa Kiswahili bado inazungumza kama mtu wa Dar es Salaam aliyeshuka kwenye ndege jana, na mtu wa Kamalondo atamcheka. Msiitegemee kinga hiyo. Ukiipa kurasa chache za maneno yetu inaanza kutuiga, na kurasa hizo tunazimwaga sisi wenyewe kwenye simu zetu kila siku.

Marekani waliyaona haya mapema. Mwaka 2017 tume yao inayosimamia mawasiliano iliwakaribisha raia watoe maoni juu ya kanuni za intaneti, yakafika maoni zaidi ya milioni 22. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la New York ilipotoa matokeo ya uchunguzi wake mwaka 2021, ilionekana kwamba karibu milioni 18 kati ya hayo yalikuwa ya uongo. Milioni 8.5 yalitoka kwenye kampeni iliyolipiwa na kampuni za intaneti zenyewe, kwa majina ya watu walio hai ambao wengi wao hawakuulizwa kitu. Upande wa pili wa ubishi ule, kijana mmoja wa chuo, wa miaka 19, alituma peke yake zaidi ya milioni 7 kwa majina ya kubuni. Nao walifanya hayo kwa zana duni, kabla mashine haijajua kuandika vizuri.

Miaka michache baadaye watafiti wa chuo kikuu cha Cornell, Sarah Kreps na Douglas Kriner, waliwapelekea zaidi ya wabunge 7,000 wa majimbo ya Marekani barua pepe takriban 32,000. Nyingine ziliandikwa na wanafunzi, nyingine na programu ya kizazi kilichoitangulia ChatGPT. Wabunge wale, wenye makatibu na wasaidizi wa kulipwa, walijibu za mashine karibu sawa na za watu. Tofauti haikufika asilimia mbili. Sasa nifikirie mheshimiwa wa kwetu, mwenye katibu mmoja, simu tatu, na rundo la bahasha juu ya kabati.

Sisi tuna kumbukumbu yetu wenyewe juu ya thamani ya barua ya raia. Januari 1990 Mobutu alitangaza kwamba anataka kusikia maoni ya watu juu ya siasa ya nchi. Tarehe 24 Aprili, kule N'Sele, akatoa hesabu: amepokea memoranda 6,128. Kwa hesabu yake, 5,310 zilitaka MPR, chama chake, irekebishwe lakini ibaki peke yake, na 818 tu zilitaka vyama vingi. Halafu siku ile ile akatangaza mwisho wa chama kimoja. Tunaweza kubishana juu ya hesabu yake na juu ya nia yake. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka, Ceaușescu wa Rumania alikuwa amepigwa risasi Desemba, na maaskofu wetu walikuwa wamemwandikia bila kumung'unya maneno. Lakini wale 818 hawakuweza kupuuzwa. Mwaka ule, mtu aliyeandika kwamba chama cha Mobutu kimeshindwa aliweka juu ya karatasi jina lake, kazi yake na shingo yake, na aliyepokea karatasi alilijua hilo. Mashine haina shingo. Itawaandikia memoranda 818 za kupinga na 5,310 za kusifu kwa bei ya mega za intaneti za siku mbili tatu, na zote zitakuwa nzuri.

Hapo ndipo naomba mniwie radhi, maana nitasema jambo ambalo wakubwa hawapendi kulisikia. Mashine hii itawadanganya ninyi kabla ya kutudanganya sisi.

Tunayo desturi ya mosio, yaani matamko, za kuunga mkono. Ni urithi wa siku za MPR, na hakuna utawala uliofuata ulioiacha. Wanawake wa soko fulani, vijana wa kartye (mtaa) fulani, wazee wa kabila fulani, wanasoma karatasi mbele ya kamera kumshukuru mkubwa kwa barabara ambayo bado ina mashimo. Tunacheka, lakini mambo hayo angalau yalidai watu. Ilibidi kuwakusanya hamsini, kuwapa fulana na nauli, kuwapanga juani. Katika hao hamsini mmoja angeguna, na mkubwa mwenye masikio angeusikia mguno huo. Siku hizi mshauri anayetaka kupanda cheo hahitaji hata hao hamsini. Akiwa ofisini kwake atawaletea mosio mia tatu kwa juma, na chini ya kila picha yenu ya uzinduzi atapanga shukrani za watu ambao hawakuzaliwa. Bwana Gavana ataamka kila asubuhi akisoma kwamba jimbo linampenda. Mbunge ataapa kwamba watu wake wamemtuma apige kura ya ndiyo, na ataapa kwa moyo safi, kwa sababu barua anazo. Viongozi waliotutangulia hawakukosa watu wa kuwadanganya, sawa, ila waongo wao walikuwa wanachoka.

Jimbo letu lina sababu nyingine ya kuogopa, nayo ni migodi. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zikubaliane na jamii zinazouzunguka mgodi juu ya kile kinachoitwa cahier des charges, yaani daftari la ahadi: shule, kituo cha afya, kisima, barabara. Inazitaka pia zitenge angalau 0.3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii hizo. Na kabla ya kuchimba, wakaaji wanapaswa kuulizwa juu ya madhara yatakayowapata. Haya ni mambo mazuri, watu waliyapigania. Lakini ulizeni ushahidi wa kwamba wakaaji waliulizwa ni nini. Ni ripoti. Ni kurasa zinazosema kwamba tarehe fulani, chini ya mwembe fulani, watu kadhaa walikusanyika, mzee mmoja akauliza juu ya mto, mama mmoja akauliza juu ya makaburi, wakajibiwa, wakaridhika, wakapiga makofi. Ripoti kama hiyo leo inaandikwa bila mwembe na bila mama. Mashine itatia ndani yake hata wasiwasi wa mzee, hata mzaha wa kijana mlevi aliyekaa nyuma, ili afisa wa mazingira anayesoma akiwa mjini aone kwamba mkutano ulikuwa wa kweli. Miaka mitatu baadaye maji ya mto yakibadilika rangi, wanakijiji wakija kulia kwenye ofisi zenu, wataonyeshwa karatasi yenye muhuri: mbona ninyi mlikubali?

Hakuna uchaguzi hapo. Hakuna mgombea, hakuna sanduku la kura. Lakini kama demokrasia ina maana yoyote kwa mtu wa Kipushi au wa Kambove, iko kwenye mkutano ule chini ya mwembe, kuliko kwenye bango la mgombea.

Nije sasa kwenye sauti za kughushi, ambazo ndizo zinazowatisha wengi. Septemba 2023, siku mbili kabla ya uchaguzi wa Slovakia, ilisambaa odio ya kiongozi wa chama, Michal Šimečka, akipanga na mwandishi wa habari namna ya kuiba kura. Ilikuwa ya kughushi. Ilitoka katikati ya saa 48 ambazo sheria yao inavitaka vyombo vya habari vinyamaze juu ya kampeni, kwa hiyo uongo ulikuwa unakimbia na ukweli umefungwa mguu. Januari 2024, wapiga kura wa New Hampshire walipigiwa simu na sauti ya Rais Biden ikiwaambia wakae nyumbani; aliyeiagiza alitozwa faini ya dola milioni 6 na tume ile ile ya mawasiliano niliyoitaja. Kwetu kampeni inafungwa saa 24 kabla ya kura. Saa hizo 24 ni zenu, wakubwa wa CENI na wa CSAC. Nani atakuwa redioni usiku ule, hapa Lubumbashi, kwa Kiswahili, mwenye ruhusa ya kusema odio hii ni ya uongo bila kungoja barua kutoka Kinshasa?

Ingawa, kusema kweli, odio ya kiongozi si ile inayoninyima usingizi. Kiongozi anaweza kujitokeza akakanusha. Naogopa odio ya mtu asiyejulikana: mama analia, kwa Kiswahili chetu kabisa, kwamba mtoto wake amechinjwa Katuba na watu wa upande fulani, na kwamba usiku huu wanakuja kwenye kartye inayofuata. Mwenye umri wangu anajua hadithi hiyo inaishia wapi. Mwaka 1992, baada ya Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuchaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Taifa, na Nguz Karl-i-Bond, mtu wa kwetu Katanga, kuondoka kwenye kiti hicho, ndugu zetu wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu, wadudu, kwenye mikutano ya hadhara ya jimbo hili, na sauti zilizowaita hivyo zilitoka juu. Watu waliozaliwa hapa, waliojenga hapa, waliooa na kuolewa hapa, walitolewa majumbani mwao. Likasi na Kolwezi familia zililala stesheni zikingoja treni, na watoto wakafia palepale. Maneno yale yalikuwa na wenyewe. Tulijua ni nani aliyeyasema na siku gani, na mpaka leo tunaweza kuwataja. Odio ya mashine haina mwenyewe wa kushtakiwa, wala wa kutubu.

Lakini kuna upande wa pili wa shaka hii, nao unawahusu ninyi zaidi. Gabon, mwaka 2019 ulipokuwa unaingia, Rais Ali Bongo, ambaye alikuwa mgonjwa nje ya nchi tangu Oktoba, alitoa video ya salamu za Mwaka Mpya. Watu wakasema si yeye, imetengenezwa. Tarehe 7 Januari wanajeshi wakajaribu kupindua serikali, na katika tangazo lao wakaitaja hotuba ile. Hakuna aliyethibitisha kwamba video ilighushiwa. Shaka peke yake ilifanya kazi. Na shaka hiyo hiyo inaweza kumfaa mwenye madaraka. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, chini ya wiki tatu baada ya hotuba ya N'Sele, wanafunzi walishambuliwa kwenye kampasi ya hapa Lubumbashi. Serikali ikasema aliyekufa ni mmoja. Idadi ya kweli inabishaniwa mpaka leo. Nafikiria kama mwanafunzi mmoja angekuwa na simu mkononi usiku ule. Picha zingetoka, na leo msemaji asingehitaji hata kubishana. Angesema ni akili bandia, akafunga mkutano na waandishi.

Ndiyo maana siwaombi sheria kali. Tunayo tayari Sheria ya Kidijitali ya Machi 2023, yenye vifungu vya kumfunga anayesambaza uongo kwenye mtandao. Septemba mwaka ule ule mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa, akashtakiwa kughushi hati na kueneza habari za uongo, akakaa gerezani Makala mpaka Machi 2024. Mwenye mashine ya kuandika barua elfu kumi hakamatwi kwa sheria hiyo. Anayekamatwa ni yule aliyeweka jina lake chini ya habari.

Wala msikate intaneti. Mlitufanyia hivyo baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, karibu wiki tatu, na mawimbi ya RFI, redio ya Ufaransa, yakazimwa. Uvumi haukupungua hata kidogo. Ulitembea kwa miguu, na tulioutafutia ukweli hatukuwa na pa kuutafuta.

Msinunue pia mashine ya kutambua mashine. Wauzaji watakuja, tena na makoti mazuri. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa chombo chake cha kutambua maandishi ya akili bandia Januari 2023, na Julai ikakiondoa kwa sababu hakikuwa sahihi. Kwa hesabu yake yenyewe kilikuwa kinatambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine. Utafiti wa Stanford wa mwaka huo ulionyesha kwamba vyombo vya namna hiyo viliwaonea watu walioandika Kiingereza wakiwa wamejifunza shuleni: zaidi ya nusu ya insha zao ziliitwa kazi ya mashine. Sisi tunaoandika Kifaransa cha darasani tutapona wapi?

Kinachobaki ni kazi ya miguu. Ombi la majina elfu mia moja likifika, chagueni kwa kura majina mia chache kutoka kila jimbo, mwende mkawatafute wenyewe: komini, kartye, avenyu, nyumba. Muwaulize kwa lugha wanayoitaka katika zile nne za taifa kama walitia sahihi na walielewa nini. Asiende mkuu wa kartye peke yake, kwa sababu wengi wanamwogopa. Waende na watu wa parokia, wa upinzani, wa vyama vya raia. Najua ugumu wake. Wengi wetu kitambulisho chetu ni kadi ya mpiga kura, na kadi za 2023 maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa wengine kabla hata siku ya kura haijafika. Najua pia kwamba mtu akiona wageni mlangoni wanamuuliza kama alitia sahihi ombi la siasa, anaweza kukana kwa hofu. Kwa hiyo majina hayo yasikae kwa polisi wala kwa ANR, idara ya ujasusi, na anayekwenda kuuliza aende bila silaha na bila jeep.

Kwa migodi, ripoti ya mkutano isomwe kwa sauti mbele ya walewale wanaotajwa ndani yake, kwa Kiswahili au Kibemba au Kisanga, kabla ya muhuri kugongwa, na redio ya mahali hapo iwepo irushe. Kwa mosio za kuunga mkono sina dawa, isipokuwa kwamba Bwana Gavana anaweza kukataa kupokea yoyote ambayo wenyewe hawakuileta kwa mikono yao. Atapokea chache. Pia ofisi zenu zikiandika kwa mashine hotuba, majibu au matangazo, mtuambie. Ni vigumu kumdai raia awe mtu halisi akiongea na mkubwa ambaye hakuandika jibu lake.

Barua hii nimeipeleka pia kwa karatasi, yenye jina langu, avenyu yangu na namba ya simu, kwa kutumia ibara ya 27 ya Katiba. Ibara hiyo inampa kila Mkongomani haki ya kuandikia wenye mamlaka ombi, peke yake au pamoja na wengine; inawataka wenye mamlaka wajibu ndani ya miezi mitatu; na inakataza mtu kushtakiwa kwa kuandika. Kabla ya kujibu, mtumeni mtu aje Kamalondo aniulize kama ni mimi niliyeandika. Asubuhi niko shuleni. Baada ya saa nane mchana niko nyumbani.